Daftari la Joto: Kibuye, Januari hadi Novemba 2025

6 Januari

Shule zimefunguliwa leo, na wazazi waliongoja hadi leo ndio wamejaa mlangoni pa duka langu la ushonaji, kila mmoja na mtoto aliyevaa sare ya mwaka jana iliyompanda juu ya magoti. Nimesimama kwenye pasi tangu saa mbili. Kufikia saa sita nilikuwa nimelowa mara nne, jasho likianzia kifuani, likipanda shingoni, likiingia kwenye nywele, na moyo ukinidunda kama mtu aliyekimbizwa na ng'ombe. Mara zote nne Nekesa, mwanafunzi wangu, alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, mkavu kabisa, akishona pindo na kuimba.

Basi hadithi ya "Kisumu ni joto" imeniishia.

Nimejificha nyuma yake mwaka mzima. Hedhi yangu ya mwisho ilikuwa Novemba 2023. Tangu hapo nimepimwa malaria mara tatu bila kuonekana kitu, na mara mbili nyingine nikameza dawa bila hata kupimwa, maana huku kwetu mtu akiamka shuka limelowa haulizwi maswali mengi. Nimebadilisha godoro. Nimemgombeza Baba Achieng kwa kufunga dirisha. Nina miaka 51 na hesabu ndiyo kazi yangu. Miezi kumi na miwili mfululizo bila hedhi ndicho kipimo chenyewe cha kukoma, nami niko kwenye wa kumi na nne.

Kuanzia kesho nafanya kama ninavyofanya na nguo ya mteja: vipimo kwanza, mkasi baadaye. Daftari la oda, kurasa za nyuma. Kila joto likija naandika saa, nguvu yake (1 nahisi, 2 nalowa, 3 naacha kazi) na nilichokuwa nimekula au kunywa. Nitaliita wimbi, kwa sababu linakuja kama maji ya ziwa kule Dunga: unaliona kwa mbali, ukigeuka limeshakulowesha. Lisichanganywe na wimbi la uji, ambalo nalo litatajwa humu.

13 Januari

Wiki ya kwanza: mawimbi 77. Ya nguvu ya 3 ni 19.

Sikuamini, nikahesabu upya kwa kalamu nyekundu. Ningeulizwa wiki iliyopita ningesema matano kwa siku. Kumbe ya usiku sikuwa nayahesabu. Nilikuwa nayaita kukosa usingizi.

Mengine ya wiki: vidole vinakakamaa asubuhi mpaka nivikunje kwenye maji ya uvuguvugu ndipo nishike sindano. Alhamisi nilikatia blauzi moja mikono miwili ya kushoto. Miaka ishirini na sita kwenye kazi hii, sijawahi. Kiuno changu, nilichokipima kwa tepu ile ile ninayopimia watu, kimetoka inchi 36 hadi 38 na nusu, ilhali sahani yangu haijaongezeka. Mambo ya chumbani sitayaandika hapa kwa urefu. Niseme tu ni makavu na yanauma, na Baba Achieng anadhani nimemkasirikia.

21 Januari

Nilienda kliniki moja mjini. Aliyenihudumia hakulifungua daftari. "Mama, huo ni umri, vumilia." Akaniandikia vitamini. Nikalipia vitamini.

2 Februari

Jumapili, soko la Kibuye limefurika hadi barabarani. Nimeamua kuanza na chakula kwa sababu chakula kiko mikononi mwangu. Achieng anasoma chuo Maseno, na wiki nzima amekuwa akinisomea kwenye simu mambo ya soya. Soya ina vitu vinavyoitwa isoflavoni, vya mmea, vinavyofanana kidogo na estrojeni, homoni ya mwanamke, na wanawake wengine wakila kwa wiki kadhaa mawimbi hupungua. Hupungua, hayaishi. Hilo nilimwambia alirudie.

Soya kwetu si mgeni. Inalimwa Busia na Bungoma, na Nekesa amekua akiinywa ikiwa imekaangwa na kusagwa kama kahawa. Nimenunua gorogoro mbili. Mpango: unga wa wimbi, mtama na soya kwa uji wa asubuhi, na soya ya kuchemsha mara nne kwa wiki badala ya maharagwe.

Pia nimehamisha mambo matatu. Pasi nafanya alfajiri kabla ya saa mbili. Chakula cha jioni saa moja, si saa tatu. Chai ya rangi yenye tangawizi nyingi, ambayo nilikuwa nakunywa vikombe vitano kwa siku, imeshuka hadi viwili. Hili la chai ndilo lililonitoa machozi.

23 Februari

Ripoti ya soya. Inachukua makaa ya maharagwe mara mbili hata ukiiloweka usiku kucha. Usipomwaga maji ya kwanza nyumba nzima inanuka nyasi mbichi. Baba Achieng aliitazama kwenye sahani akauliza kama ni chakula cha kuku. Nilipoipondaponda na nyanya na dania akala bila maswali, kwa hiyo tatizo lilikuwa umbo.

Mawimbi wiki hii: 68.

9 Machi

Leo niandike kuhusu mifupa, maana nimegundua nilikuwa nafukuza joto peke yake ilhali kuna mwizi mwingine asiyepiga kelele. Estrojeni ikishuka mifupa nayo huanza kupoteza uzito, na kasi kubwa zaidi ni katika miaka ile ya mwanzo. Huhisi chochote. Siku moja unateleza bafuni na nyonga inavunjika. Shangazi yangu ilimpata hivyo, tukasema ni uzee, tukamnunulia mkongojo.

Mwanamke aliyepita miaka 50 anatakiwa apate kama miligramu 1,200 za kalisi, madini ya mifupa, kwa siku. Kikombe cha maziwa kina kama 300. Chai ya maziwa ya hapa mtaani, ambayo ni maji yaliyoonyeshwa maziwa kwa mbali, siihesabu.

Hapa ndipo watu wa ziwani tuna bahati tusiyoiona. Omena, yaani dagaa wetu, huliwa mzima, kichwa, mgongo na miiba, na kalisi iko kwenye miiba hiyo hiyo. Samaki mkubwa tunamheshimu zaidi, tunamwekea mgeni, halafu mifupa yake tunampa paka. Sasa omena ni mara tatu kwa wiki, iliyooshwa kwa maji moto, ikakaushwa kidogo kwenye sufuria kabla ya mafuta.

Na mboga. Sukuma wiki, ambayo watu huionea haya kana kwamba ni cheti cha umaskini, hutoa kalisi ambayo mwili unaipokea vizuri. Ododo, yaani mchicha wetu, ina kalisi nyingi pia, ila ndani yake kuna asidi inayoikamata isiachie, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Osuga na dek, yaani mnavu na mgagani, mama yangu hupika kwa kuzichemsha, anamwaga uchungu wa kwanza, kisha anazilaza kwenye maziwa, leo anaongeza, kesho anaongeza, siku ya tatu ndipo zinaliwa. Nilipokuwa msichana niliona ni upotevu wa muda. Nimemwomba Nekesa atukumbushe kila jioni kuongeza maziwa, kwa sababu mimi nasahau. Nimesema ninasahau? Nilikata mikono miwili ya kushoto.

Kutoka nyumbani hadi Kibuye sasa ni kwa miguu. Boda wangu amenuna.

30 Machi

Wiki nane za chakula. Mawimbi 61 kwa wiki, ya nguvu ya 3 ni 14. Kiuno inchi 37 na nusu. Vidole ni vilevile.

Hukumu yangu, na mtu asinipe maneno mengine: chakula kimenisaidia, na sehemu kubwa ya msaada huo nadhani ni chai niliyopunguza na pasi niliyohamisha, si soya. Soya nitaendelea nayo kwa kuwa ni chakula kizuri na cha bei nafuu. Lakini bado naamka mara tatu usiku kubadilisha nguo, na kutoka 77 hadi 61 ni kama kupunguza nguo nusu inchi wakati mteja ameomba nne.

8 Aprili

Daktari wa wanawake, safari hii, niliyeelekezwa na mteja. Mama wa makamo. Alivaa miwani akalisoma daftari ukurasa kwa ukurasa, akauliza, "Hii 3 ni nini?" Nikamweleza. Akacheka, akasema afadhali ningewafundisha wagonjwa wake wote.

Kisha maswali mfululizo. Umewahi kupata damu kuganda mguuni au mapafuni? Kiharusi? Moyo? Ini? Uvimbe wa titi, wewe au mama au dada? Damu yoyote tangu hedhi ikome? Unavuta sigara? Presha? Akanipima: 126 kwa 80. Hakukimbilia dawa za homoni. Alisema jasho la usiku katika mji huu lina wazazi wengi, na wengine hawana uhusiano na hedhi: kifua kikuu, virusi vya ukimwi, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Akaagiza picha ya kifua, damu, sukari, picha ya matiti na uchunguzi wa mlango wa kizazi. Orodha ilikuwa ndefu kuliko ya vitambaa vya bi harusi.

Nilimuuliza joto linatoka wapi hasa, kwa sababu tumbo la uzazi liko chini na jasho linaanzia juu. Akasema linatoka kichwani. Ndani ya ubongo kuna sehemu inayolinda joto la mwili, na estrojeni ikipungua sehemu hiyo huwa nyepesi kushtuka. Badiliko dogo tu la joto inaliona ni moto, inafungua mishipa ya ngozi na kumwaga jasho ili ikupoze. Nikamwambia ninayo pasi ya namna hiyo dukani. Kile kidude cha kudhibiti joto kimechoka, kwa hiyo inajizima kabla haijapata moto wa kunyoosha hata leso.

"Na yataisha lini?"

Akaniambia kuna utafiti mkubwa wa Marekani uliofuata wanawake kwa miaka mingi, ukachapishwa 2015. Kwa nusu ya waliokuwa na mawimbi ya mara kwa mara, yaliendelea zaidi ya miaka 7. Kwa wenye asili ya Afrika, zaidi ya 10.

Nikatoka nikanunua chai. Na tangawizi.

24 Aprili

Majibu yote ni mazuri. Tumekaa saa nzima, kwa sababu nilikuja na maneno ya wifi yangu, aliyenitumia kwenye WhatsApp ujumbe wenye moto na mafuvu: HOMONI NI SARATANI.

Daktari hakuudharau. Alisema hofu hiyo ina asili yake. Mwaka 2002 Marekani walisimamisha utafiti wa wanawake zaidi ya 16,000 waliokuwa wakipewa homoni mbili pamoja, baada ya kuona saratani ya matiti na kuganda kwa damu vimeongezeka. Dunia nzima ikaogopa. Lakini akaniandikia tarakimu kwenye karatasi, nami nimeibandika hapa. Kati ya wanawake 10,000 kwa mwaka mmoja, waliomeza dawa walipata saratani ya matiti 38. Waliomeza vidonge visivyo na kitu, 30. Ongezeko ni 8. Kwa upande mwingine, waliovunjika nyonga walikuwa 10 kwa waliomeza dawa, na 15 kwa wasiomeza. Na wastani wa umri wa wanawake hao ulikuwa miaka 63, wengi wao wameshavuka mbali, na aina ya dawa ilikuwa tofauti na anayotaka kunipa. Kwa aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, mwenye mawimbi ya kumnyima usingizi na asiye na yale aliyoniuliza, faida kwa kawaida huzidi hatari. Lakini nane si sifuri, akasema. Uamuzi ni wako.

Nilipenda kwamba hakunisukuma. Mteja akinisukuma nikate haraka, mimi hukataa.

Tumekubaliana: estradioli, ambayo ndiyo estrojeni yenyewe, miligramu 1 kila siku, na projesteroni, homoni ya pili, miligramu 100 wakati wa kulala, kwa kuwa huleta usingizi. Alipendelea jeli ya kupaka au kiraka cha kubandika, ambavyo hupitia kwenye ngozi na havina ile hatari ya kugandisha damu inayokuja na vidonge, lakini kemisti nilizozunguka hazikuwa nazo, na kwa presha yangu akaona vidonge vinafaa kuanzia. Kwa ule ukavu akanipa krimu ya estrojeni ya kupaka ndani, ambayo kiasi chake ni kidogo sana hata hakiingii sana kwenye damu. Aliuliza kama njugu karanga hunidhuru, maana kapsuli nyingine za projesteroni hutengenezwa kwa mafuta yake. Nilicheka hadi nikapata wimbi. Nguvu 2.

Bei ya vyote nilihesabu mara mbili. Ni karibu na faida ya sare nne kila mwezi.

11 Mei

Wiki ya pili ya dawa. Matiti yananiuma kama msichana. Usingizi: Jumanne nililala kuanzia saa nne hadi saa kumi bila kuamka, na Baba Achieng aliniamsha kuuliza kama niko hai.

Mawimbi: 44.

1 Juni

Mawimbi: 21. Ya nguvu ya 3, mawili tu, na yote siku ya msiba ambapo tulikaa chini ya mabati mchana kutwa.

6 Julai

Mawimbi 9. Wiki nzima. Nimeandika 9, nikaizungushia duara.

Vidole vimelegea kiasi, sijui ni dawa au ni kwamba mvua imekwisha. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomgombeza mtu juu ya dirisha. Mambo ya chumbani yametulia, krimu ilichukua kama wiki nane, na hapo pia nafunga.

27 Julai

Leo chama chetu kilikuwa kwa Mama Zawadi anayeuza omena. Tuko wanawake kumi na wanne, na katika miaka tisa tumezungumza ada za shule, mikopo, waume na siasa, hili kamwe. Nilitoa daftari. Kimya. Kisha Mama Zawadi akasema, "Kumbe ni wewe pia?" Yeye ameshamaliza mwaka wa pili akimeza estradioli. Alitolewa mfuko wa uzazi kwa sababu ya uvimbe. Kidonge kimoja kwa siku, basi.

Kimoja. Neno hilo nililibeba hadi nyumbani.

3 Agosti

Biashara imelala, kama kila Agosti shule zikifungwa. Projesteroni ndiyo ya bei zaidi kati ya zile mbili. Kama Mama Zawadi anamaliza na kimoja, na mawimbi yangu yameondolewa na estrojeni, nimeona niiache ile nyingine mpaka sare zirudi. Nitaona kama mawimbi yanapanda.

17 Agosti

Mawimbi 8. Hayajapanda. Nimejipongeza.

14 Septemba

Damu.

Kidogo, ya kahawia, asubuhi. Karibu miaka miwili tangu ile ya mwisho. Kwa dakika nzima niliifurahia, nimwambie nani hilo, kama barua kutoka kwa mtu uliyedhani amekufa. Kisha nikakumbuka swali la daktari: damu yoyote tangu hedhi ikome? Nikapiga simu nikiwa bado bafuni.

18 Septemba

Nimegombezwa, na nilistahili. Nilipomwambia nimeacha kidonge cha pili aliweka kalamu chini.

Akachukua karatasi akachora mfuko wa uzazi, na ndani yake mstari. Estrojeni, alisema, hujenga utando huu wa ndani.

"Bitana," nikamwambia.

"Ndiyo, bitana." Ukimeza estrojeni peke yake, bitana inaongezeka tabaka juu ya tabaka bila wa kuipunguza, ikiachwa hivyo, chembe zake zinaweza kuharibika, na mwisho wake ni saratani ya mfuko wa uzazi. Kazi ya projesteroni ni kuizuia isinenepe. Haikuwekwa kwa ajili ya mawimbi wala usingizi. Mama Zawadi hana mfuko, kwa hiyo hana bitana, kwa hiyo anamaliza na kidonge kimoja. Mimi ninao.

Miaka ishirini na sita nimeshona makoti. Najua bitana ikiwa kubwa kuliko koti hujikunja ndani, haionekani kwa nje, na nguo inaharibika huku mteja anaisifu. Na mawimbi niliyokuwa nahesabu ili nijue kama nimekosea yasingenionyesha chochote, yalikuwa nje ya koti.

Picha ya mawimbi ya sauti ilionyesha bitana yangu ina unene wa milimita 9. Kwangu mimi, mwenye damu isiyotarajiwa, alitaka uwe chini ya 5. Akachukua kipande kidogo kwa mrija mwembamba, maumivu ya dakika moja, kama hedhi mbaya ya zamani. Kipande kimeenda maabara. Naambiwa ningoje.

Nekesa ameulizwa na wateja kwa nini leo nimeshona kimya.

2 Oktoba

Majibu: hakuna chembe mbaya. Nimerudi kwenye dawa zote mbili, kila siku, na picha itarudiwa baada ya miezi mitatu. Nimekubaliana na Baba Achieng kwamba projesteroni inanunuliwa kwanza kabla ya data ya simu yake. Alikubali upesi mno, nadhani aliogopa kuliko alivyoonyesha.

26 Oktoba

Chama kwangu. Nilisimulia lote, pamoja na ujinga wangu, na safari hii hakuna aliyenyamaza. Sikuweza kuandika maswali yote. Matatu niliyopeleka kwa daktari:

Mwenzetu mmoja aliwahi kutibiwa saratani ya titi. Homoni hizi hazimfai, lakini kuna dawa zisizo za homoni: baadhi ya zile zinazotumika kwa msongo wa mawazo hupunguza mawimbi, na kuna mpya kabisa, fezolinetanti, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, inayoituliza ile sehemu ya ubongo yenyewe.

Mwingine anameza ARV. Aongee na kliniki yake kwanza, kwa sababu baadhi ya ARV hubadilisha kiasi cha homoni kinachobaki mwilini, na mawimbi yasimfanye afikirie kuacha ARV hata siku moja.

Wa tatu ana miaka 46, hedhi inakuja na kupotea, akafikiri akianza homoni hizi hatahitaji tena kupanga uzazi. Daktari alisema hapana kwa sauti. Dozi hizi hazizuii mimba. Tulicheka, kwa sababu mwenyewe alishaanza kugawa nguo za mtoto.

Mawimbi ya wiki: 7.

9 Novemba

Nilikwenda Gem kumwona mama. Nilishuka Yala nikamalizia kwa boda, na mzigo wangu ulikuwa omena, maziwa na mapaja ya kuku. Jioni tulikuwa tunachambua dek barazani, daftari likaanguka kutoka kwenye mkoba. Mama hasomi vizuri siku hizi, macho, lakini aliona safu za tarakimu.

"Hiyo ni hesabu ya nini? Una deni?"

Nikamwambia. Sikujua nitatumia maneno gani, nikatumia yale ya kawaida: joto, jasho, usiku, tangu hedhi ikome.

Aliendelea kuchambua. Mashina upande huu, majani upande ule. Kisha akasema kwamba yeye alikuwa akitoka nje usiku, anakaa kwenye kigoda karibu na ghala, blauzi amefungua vifungo, hadi apoe. Baba akimuuliza alisema analinda mahindi. Na kweli msimu ule hakuna aliyeiba mahindi kwetu, watu wakamsifu.

Nilimuuliza ilidumu muda gani. Mama hahesabu kwa miaka. Alisema ilianza wakati wa mvua za El Niño, daraja liliposombwa. Ikaisha, akafikiri, ikaisha karibu na siku ile serikali ilipotupa mapumziko kwa sababu ya Obama.

Nilitoa kalamu. El Niño, mwisho wa 1997. Obama, Novemba 2008.

"Unaandika nini tena?"

Nilifungua ukurasa mpya, nikachora safu zile zile. Mama, miaka 11. Dawa: hakuna. Safu ya nguvu nikamuuliza yeye, moja, mbili au tatu, na kila moja ina maana gani. Aliweka chini konzi ya dek akaifikiria kwa muda mrefu.

"Kulikuwa na nne?"